Baiskeli ya Injini: Hewa Sio Kelele

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nikiwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo mkoani Dodoma, niliua injini ya mjomba wangu. Baiskeli ile ndiyo aliyokuwa akisambazia mikate alfajiri. Aliniazima kwa wiki sita niweze kufika shuleni, maana kutoka nilikopanga ni kilomita 11 za vumbi. Naandika ili wewe usirudie kosa langu.

Wiki ya pili baiskeli ilianza kuchoka mlimani. Fundi wa kijiweni akasema, "Mwalimu, inakosa pumzi. Toa filta, ivute hewa vizuri." Nikatoa. Siku mbili ikakimbia kweli, nikajisifu. Siku ya tatu, katikati ya mlima, ikanoki. Nilifika shuleni nikisukuma, nimelowa jasho, na mkaguzi wa chuo ameshakaa nyuma ya darasa.

Tatizo lilikuwa nini? Injini hizi huuzwa kwa jina la cc 80, ila nyingi silinda yake ina kipenyo cha mm 47 na pistoni hutembea mm 38. Piga hesabu, utapata cc 66 tu. Ni za mipigo miwili. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huvutwa chini kwenye chumba cha krenki. Ikishuka, mchanganyiko husukumwa juu ya silinda huku moshi ukitokea eksozi. Kwa hiyo moshi usipotoka, hewa mpya haiingii. Ya kwangu ilikuwa imeziba masizi kwenye eksozi. Filta haikuwa na kosa.

Halafu petroli inahitaji hewa kama mara 14.7 ya uzito wake. Ukizidisha hewa bila kurekebisha kabureta, moto unakuwa mkali mno. Na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli hiyohiyo, petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Weka na vumbi la Dodoma juu yake, pistoni itapona vipi?

Sasa ukitaka nguvu kwa njia salama, fuata mpangilio huu.

Kwanza, filta usiitupe. Ioshe sponji kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, kisha ipake oili kidogo.

Pili, fungua eksozi ukwangue masizi. Tundu la silinda lisafishe pistoni ikiwa juu, ili uchafu usidondokee ndani.

Tatu, angalia gasketi ya mahali hewa inapoingilia. Mara nyingi tundu lake ni dogo kuliko la silinda, linakaba njia. Likate kwa wembe lilingane, na kaza nati vizuri hewa isipenye pembeni.

Nne, rekebisha sindano ya kabureta, hatua moja kwa wakati mmoja. Kishikizo chake ukikipandisha, sindano inashuka na petroli inapungua. Ukikishusha, petroli inaongezeka. Tembea kidogo, halafu fungua plagi uisome. Kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe, petroli haitoshi, usiendelee. Nyeusi yenye unyevu, imezidi. Ndiyo maana injini iliyosetiwa Dar ukiipeleka Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hutoa plagi nyeusi: hewa ya huko ni nyepesi.

Oili nayo usibane. Mililita 50 kwa lita ya petroli zinatosha kwa injini iliyokwisha kuzoea.

Mjomba hakunigombeza. Alinyamaza tu, akawa anasambaza mikate kwa miguu mpaka nilipomalizia kulipa silinda na pistoni mpya kwa pesa yangu ya kujikimu. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko kelele. Pistoni iliyokwaruzika bado ninayo. Kidato cha Pili niliwapitishia mkononi siku ya somo la msuguano, na hakuna aliyesinzia.