Kompyuta Moja, Mikono Mingi

Mwalimu mkuu ambaye fedha za mwaka zimemtosha kununua kompyuta moja tu, aghalabu huifungia ofisini na kuifunika kitambaa, kwa kuwa wanafunzi arobaini kugawana chombo kimoja humjia akilini kuwa ni fujo tupu. Lakini kompyuta ya kawaida ya siku hizi hupiga hatua zaidi ya bilioni 2 kwa sekunde, ilhali mpiga chapa hodari hubonyeza herufi kama 5 katika muda huohuo. Basi baina ya herufi moja na inayoifuata, mashine hukaa bure kwa hatua zipatazo milioni 400. Kilicho adimu shuleni, kwa hakika, si nguvu ya mashine, bali ni mahali pa kuweka mkono.

Hayo waliyatambua mapema John Kemeny na Thomas Kurtz, walimu wa hisabati katika chuo cha Dartmouth huko Marekani, ambao mfumo wao, tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, uliendesha kwa wakati mmoja programu mbili za lugha yao ya BASIC kutoka vituo viwili mbalimbali. Siri yake ni zamu: kila mtumiaji hupewa kitambo kidogo mno, kisha mashine humhudumia wa pili na kurejea, hata asitokee wa kuhisi kuwa anangojeshwa. Leo, kwa mfumo wa Linux, kompyuta moja yenye matundu ya kutosha hufungwa skrini tatu au nne, kila moja na kibodi na kipanya chake, na kila mwanafunzi huingia kwa nywila yake, asiweze kuchungulia kazi za jirani. Kinachoelemewa mwanzo ni kumbukumbu ya mashine, si kasi yake; na umeme ukikatika, wote huzimikiwa pamoja.

Na kama hata skrini ya pili haipatikani? Nchini India, Udai Pawar, Joyojeet Pal na Kentaro Toyama, katika utafiti wa Microsoft, walikuta shuleni kwamba watoto wakizunguka kompyuta moja, mmoja wao hukihodhi kipanya na wengine wakabaki watazamaji. Ndipo wakachomeka vipanya kadhaa katika mashine ileile, kila kimoja na mshale wake wa rangi yake mbali. Walipowapima watoto katika kujifunza maneno ya Kiingereza, wale waliotumia vipanya vingi kwa kushirikiana waliambulia sawa na aliyekaa peke yake na mashine yake, na wavulana walioshirikiana waliwazidi wenzao walioshindanishwa. Mimi sistaajabu, kwani anayeshindana hukimbilia kubonyeza kabla hajasoma.

Ila vipanya peke yake havitoshi. Mfumo wa kawaida, ukichomekewa vipanya vitano, huvifanya vyote visukume mshale mmoja, mmoja akivuta kulia na mwenziwe kushoto, na fujo aliyoihofia mwalimu mkuu ikatimia mbele ya macho yake. Mwenye kutumwa mjini kuvinunua, basi, na aanze kwa kuuliza kama programu ya somo inavitambua vipanya kimoja kimoja. Isipovitambua, fedha hizo zitafaa zaidi kununulia kumbukumbu na skrini ya pili.