Raha ya Sebule za Eastlands Katika Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti jiji la Nairobi hupitia msimu wa baridi ambao mgeni aliyezoea kuisikia Kenya ikisifiwa kwa jua huwa hautarajii, kwa kuwa mji huu uko karibu sana na ikweta na hata hivyo usiku wa Julai nyuzi joto hushuka hadi karibu 12 za Selsiasi, na kuna siku za mawingu mazito ambapo hata alasiri hazifiki 20. Katika mitaa ya Eastlands, yaani ukanda wa mashariki mwa jiji unaoanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni na kupitia Jericho na Buruburu hadi Umoja, Dandora, Kayole na Embakasi, baridi hiyo haikomei mlangoni, kwa sababu nyumba nyingi zilijengwa pasipo kifaa chochote cha kupasha joto na kipato cha wengi hakiruhusu kukinunua. Pamoja na hayo, msimu huu una raha zake za nyumbani zinazojulikana na kila aliyelelewa katika mitaa hiyo, na raha hizo zikichunguzwa huonekana kwamba karibu zote hutegemea mlango ulio wazi kwa jirani. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mlango uliofungwa na kuzibwa ndio unaoleta vifo katika msimu huu huu.

Baridi ya Nairobi haitokani na ufupi wa siku, maana saa za mwanga hapa hukaribia 12 mwaka mzima. Chanzo chake ni mwinuko wa ardhi ukikutana na mawingu. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulio jirani na mitaa ya Embakasi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na miezi hiyo ndiyo kipupwe cha nusu ya kusini ya dunia, wakati pepo za kusi, yaani pepo za msimu zinazovuma kutoka kusini, huleta hewa ya ubaridi na unyevu kutoka Bahari ya Hindi hadi nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bonde la Ufa. Hewa hiyo ikipanda hufanya tabaka la mawingu ya chini, na kwa kuwa juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi inayoyazuia yasipande na kutawanyika, mawingu hayo huweza kulifunika jiji asubuhi nzima, na mara nyingine siku kadhaa mfululizo, yakidondosha manyunyu. Shule huwa katika muhula wa pili, na watoto huondoka nyumbani alfajiri wakiwa wamevaa sweta juu ya sweta.

Ukali wa baridi hiyo hutegemea nyumba. Mitaa ya zamani kama Shauri Moyo, Ziwani na Bahati ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wanaume waliochukuliwa kuwa wapita njia mjini, ambao familia zao zingebaki mashambani, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vidogo, huku mabomba na vyoo vikiwekwa kwa matumizi ya pamoja. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ililenga watu wa tabaka la kati, na nyumba zake zilipangwa kuzunguka viwanja vidogo vya pamoja, ilhali Dandora ilianzishwa katika muongo huo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katika mpango ambao mkazi alipewa kipande cha ardhi chenye huduma za msingi kisha akajijengea mwenyewe. Leo sehemu kubwa ya wakazi huishi katika magorofa ya kupangisha, wengi wao katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na kule Pipeline na Tassia magorofa hayo yamesongamana kiasi kwamba vyumba vya chini huwashwa taa mchana.

Ukuta wa mawe na saruji usiopata jua ukishapoa huchukua muda mrefu kupata joto tena, na udongo mweusi wa mfinyanzi uliotapakaa katika tambarare za Embakasi hushika maji, hivyo sakafu za chini hubaki na unyevu. Nyumba ya mabati ina tabia tofauti, kwani hupata joto mara jua linapochomoza na kulipoteza mara linapotua. Wakazi wa nyumba hizo wana maarifa yao: kadibodi hupigiliwa ndani ya mabati, na mbele yake huning'inizwa pazia au shuka kutoka juu hadi chini, ili hewa iliyonaswa katikati izuie joto la ndani lisitoroke. Anayeingia katika chumba kama hicho huona maua ya pazia na vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono na kutandazwa juu ya makochi, na huenda akadhani ni mapambo tu, lakini kazi hiyo ni ujenzi kamili na inastahili heshima ya ujenzi.

Chombo kinachopendwa zaidi katika msimu huu, na kinachohitaji kuogopwa zaidi, ni jiko la makaa. Lile linalotumika sana ni lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, lililotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali, yaani mafundi wadogo wanaofanyia kazi nje, walilichukua na kuliunda kwa mabati chakavu huko Shauri Moyo na Kamukunji, ambako nyundo hulia tangu asubuhi hadi jioni. Udongo ule wa ndani huzuia joto lisipotelee pembeni, hivyo jiko hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na hubaki na joto muda mrefu baada ya chakula kuiva. Hapo ndipo kishawishi huanzia.

Kwa kawaida jiko huwashwa nje au kwenye roshani, likaachwa hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo likaingizwa ndani. Wengi huamini kwamba moshi ukiisha hatari nayo imeisha, na imani hiyo ndiyo inayoua. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hushikamana na himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huhisi uchovu, dalili ambazo aliyetoka kazini amechoka hudhani ni usingizi au mafua, na akishalala huenda asiamke tena. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 ambacho dirisha limezibwa kwa tambara na upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, juhudi zile zile za kuzuia baridi ndizo zinazoifanya gesi ijae. Anayeonyesha dalili hizo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini, na kwa wakazi wa Umoja na Kayole hospitali ya umma iliyo jirani ni ya Mama Lucy Kibaki. Jiko lenyewe halina budi kutolewa kabla ya mtu kufumba macho, hata likionekana limezimika, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu huendelea kutoa gesi.

Wenye umeme hujiuliza kama hita si jibu bora. Hita ya wati 2,000 hula uniti 2 kwa kila saa, mzigo ambao familia inayonunua tokeni kidogo kidogo haiwezi kuubeba jioni baada ya jioni, ilhali lita 2 za maji huhitaji chini ya robo ya uniti kuchemka katika birika la umeme, na yakitiwa katika mfuko wa mpira ulioundwa kwa kazi hiyo na kuwekwa kitandani hudumu na joto kwa saa kadhaa chini ya blanketi. Kanuni iliyopo hapa ni kwamba kuupasha mwili ni nafuu kuliko kukipasha chumba. Wajapani wameitumia kwa karne nyingi katika kotatsu, meza fupi iliyofunikwa kwa mfarishi na yenye chanzo cha joto chini yake, ambayo jamaa huizunguka miguu yao ikiwa chini ya mfarishi mmoja. Eastlands hutumia shuka la Kimasai, soksi nzito na kofia ya sufu iitwayo marvin, na ghala lake ni Gikomba, soko kubwa la mitumba lililo kando ya Mto Nairobi, ambako robota la sweta likifunguliwa wanunuzi wa mapema hugombea kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na sweta lililofumwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya huishia begani mwa mtoto wa Kariobangi.

Jikoni nako msimu huu una vyakula vyake. Asubuhi uji wa wimbi huuzwa kutoka kwenye chupa za chai katika vituo vya matatu, na jioni mahindi huchomwa kando ya barabara. Githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja kwa saa nyingi, hununuliwa kikiwa kimeshachemshwa kutoka kwa mama wa kibandani, kisha hukaangwa nyumbani kwa vitunguu na viazi. Jumapili ni siku ya chapati. Madonge yaliyopakwa mafuta na kukunjwa mviringo hupumzishwa chini ya kitambaa. Mmoja husukuma, mwingine hugeuza kwenye kikaango, na watoto hukaa karibu wakiingojea ya kwanza. Kwa kuwa chumba cha kupikia ni kidogo, kazi hiyo humwagikia sebuleni, na nyumba nzima hupata joto na harufu pamoja.

Lakini joto lililo nafuu kuliko yote ni la watu. Mwili wa mtu mzima aliyeketi hutoa takriban wati 100, kwa hiyo wanachama 12 wa chama, yaani kikundi cha kuweka akiba kwa zamu kinachokutana nyumbani kwa mmoja wao, huleta ndani ya sebule wati 1,200, zaidi ya nusu ya hita ile isiyonunulika. Ndivyo ilivyo pia katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, na ambazo husali zikihama kutoka nyumba hadi nyumba. Viatu huachwa mlangoni, viti huazimwa kwa jirani, watoto hujikunyata mkekani chini ya blanketi moja, na chai ya tangawizi huzunguka, huku dirisha likiachwa wazi kidogo, kwani sebule iliyojaa watu inaweza kuvumilia upepo huo mdogo.

Mitaa ya zamani ilikuwa na mahali pa kukutania palipozidi sebule. Ukumbi wa Kaloleni, uliojulikana kwa mikutano ya kisiasa ya Waafrika kabla ya uhuru, ulikuwa nyongeza ya vyumba vilivyokuwa vidogo mno. Magorofa mengi ya sasa hayana ukumbi wala uwanja, na mahali pekee ambapo mpangaji wa ghorofa ya chini anaweza kuota jua, siku linapochomoza, ni juu ya paa, ambalo wenye nyumba wengi hulifunga kwa kufuli. Huo ni uamuzi mbaya, na kuubadilisha hakugharimu chochote zaidi ya ukuta mfupi wa usalama. Wenye magorofa wafungue mapaa hayo mawingu yanapoachia. Na wapangaji, kabla ya kulala usiku wa leo, watoe jiko nje, waache dirisha wazi kidogo, na wamwite kwenye chai yule jirani mzee anayeishi peke yake.