Kutu, Jua na Maji: Jinsi Haidrojeni ya Mbolea Inavyoweza Kupatikana

Wekundu wa udongo wa mashamba ya Sironga unatokana na chuma kilichoungana na oksijeni. Ni jamii moja na kutu inayokula mabati ya paa. Aina mojawapo, iitwayo hematiti, inafanyiwa utafiti katika nchi mbalimbali ili itumie mwanga wa jua kutenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni.

Jambo hili linamhusu mkulima wa chai na mahindi kwa sababu ya mbolea. Mbolea ya nitrojeni hutengenezwa kwa amonia, na amonia hupatikana kwa kuunganisha haidrojeni na nitrojeni ya hewani. Haidrojeni nyingi duniani hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Kenya huagiza mbolea hiyo kutoka nje, hivyo bei ya gesi ikipanda ng'ambo, mkulima huhisi kwenye bei ya gunia. Septemba 2023, Serikali ya Kitaifa ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani, na mbolea ni mojawapo ya malengo yake.

Sahani hufanyaje kazi?

Mwaka 1972, Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walieleza jinsi oksidi ya titani iliyotumbukizwa majini, ikaunganishwa kwa waya na kipande cha platinamu, ilivyotenganisha maji ilipomulikwa. Lakini oksidi hiyo hutumia miale ya urujuanimno pekee, ambayo ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu za jua.

Hematiti hunasa pia mwanga unaoonekana kwa macho, na malighafi yake ni tele na rahisi. Mwanga ukiipiga, elektroni hung'oka na kuacha matundu. Matundu huchukua elektroni kutoka kwa maji, na oksijeni hutoka. Elektroni zilizong'oka hupita kwenye waya hadi upande wa pili na kutengeneza haidrojeni.

Tatizo ni kwamba hematiti hupitisha umeme kwa shida. Matundu husafiri nanomita chache tu kabla ya kukutana tena na elektroni, na kazi yote hupotea.

Kuitia kiungo

Dawa mojawapo ni kuongeza chembe kidogo za titani au silikoni. Kila atomu ya chuma katika hematiti hutoa elektroni tatu. Titani na silikoni hutoa nne. Ile ya nne hubaki huru kutembea, na umeme hupita kwa urahisi zaidi. Mwaka 2006, Michael Grätzel na wenzake nchini Uswisi walionyesha kuwa hematiti iliyotiwa silikoni hufanya kazi vizuri zaidi. Hata hivyo, ni kama chumvi kwenye mboga: ikizidi, huharibu.

Tahadhari kwa wakazi

Hematiti bado huhitaji msaada wa umeme kidogo, kwa mfano kutoka kwa paneli ya sola, na kazi hii ingali maabarani. Mkazi akiuziwa mtambo unaodaiwa kutengeneza mbolea kwa kutu na maji, asitoe pesa kabla ya kumuuliza afisa wa kilimo wa wadi yake. Wala asijaribu nyumbani: haidrojeni ikichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo tu.