BREKI KWANZA, SHOKAPU BAADAYE

Mambo ya kujua kabla ya kwenda Kariakoo kutafuta vipuri vya baiskeli

Ndugu msomaji, tazama baiskeli iliyoegemea ukuta wa nyumba yako. Zamani ingalikuwa ile ndefu nyeusi yenye breki za fito. Siku hizi huenda ni ile iitwayo baiskeli ya milimani: tairi nene, gia nyingi, na shokapu mbele. Vijana huipenda sana. Nyingi huja zimekwisha kutumika huko Ulaya na Japani, nazo hushushwa bandarini Dar es Salaam; nyingine ni mpya kutoka China na India. Ni chombo kizuri. Lakini siku breki zake zinapokufa, mwenyewe hufunga safari ya Kariakoo na fedha za mavuno mfukoni, na mara nyingi hurudi na kipuri kisichoingia. Habari hizi zimeandikwa ili wewe usirudi hivyo.

Yafaa kwanza kujua baiskeli hii ilitoka wapi. Ilizaliwa Marekani, katika vilima vya California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu na nzito, wakashindana kuteremka mlimani. Breki zao zilikuwa zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume. Katika mteremko breki zilipata moto hata grisi ya ndani ikageuka moshi, na kila waliposhuka mara moja iliwabidi wafungue habu ya gurudumu na kujaza grisi mpya. Hata njia yenyewe ikapewa jina la Repack, maana yake kujaza tena. Shokapu za mbele zilianza kuenea baadaye sana, karibu na mwaka 1990. Basi breki ilitangulia, shokapu ikafuata. Nawe ufuate utaratibu huo huo unapotumia fedha yako.

NENDA NA KIPURI KIBOVU

Jina la Kariakoo lenyewe lina habari ya mizigo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi walikuwa na kambi mahali pale. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa namna yao: Kariakoo. Soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2021 liliungua, kisha likajengwa upya. Lakini wewe mwenye baiskeli, shughuli yako iko zaidi katika mitaa inayolizunguka, mpaka upande wa Gerezani, ambako vyuma vya kila namna huuzwa, hufunguliwa na kufungwa.

Usiende huko na maneno matupu. Fungua kile kilichoharibika, kifunge katika gazeti, ukichukue. Ikiwa ni raba ya breki, chukua raba. Ikiwa ni waya, chukua waya wote pamoja na kichwa chake, kwa maana waya wa baiskeli ya milimani una kichwa kama kipipa kidogo, na wa baiskeli ya mashindano una kichwa kama pea. Kimoja hakikai mahali pa mwenziwe. Ikiwa ni foku, nenda na baiskeli nzima, au angalau foku yenyewe.

Utafika kibandani, na kijana atakuamkia kwa adabu: "Shikamoo mzee, karibu. Hiyo inaingia." Mwitikie, umshukuru, kisha umwambie: "Marahaba, mwanangu. Haya, tuiingize tuone." Mfanyabiashara mwema hatakataa. Neno "inaingia" lisitoe fedha mfukoni mwako kabla macho yako hayajaona. Kuuliza si ujinga.

HABARI YA NAMBA 26

Wengi wamenaswa na namba hii. Tairi mbili zaweza kuandikwa 26, na bado zisiwe sawa. Ile iliyoandikwa 26 x 1.95 ni ya baiskeli ya milimani. Ringi yake ina milimita 559 pale tairi inapokaa. Ile iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni ya baiskeli ya kawaida, na yake kwa kawaida ni milimita 590. Hata ungevuta kwa spana mpaka jioni, hazibadilishani. Basi soma namba zote, usiishie kwenye 26. Tairi nyingi zina namba ndogo ubavuni, kama 50-559. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuaminiwa.

BREKI ZISIZOPATANA

Baiskeli za milimani zina breki za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mikono miwili mirefu inayobana ubavu wa ringi. Ya pili ni ya diski, sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu.

Ukitaka kubadilisha, kumbuka kwamba liva na breki ni kama mume na mke: lazima zipatane. Breki ya mikono mirefu yataka liva inayovuta waya mwingi. Ukiifungia liva ya breki ndogo za zamani, waya utavutwa kidogo tu, na liva itagusa usukani kabla raba hazijabana sawasawa. Ukifanya kinyume chake, liva itakuwa ngumu mkononi na baiskeli haitasimama vizuri. Kwa hiyo ukinunua breki ya namna nyingine, nunua na liva yake.

Breki ya diski haifungwi popote. Foku na fremu ziwe na masikio ya kuishikia, na habu iwe na matundu ya kufungia diski. Kama hakuna, usimruhusu mtu achomelee masikio kwa kubahatisha. Breki huvuta kwa nguvu nyingi, na foku iliyochomelewa vibaya huweza kukatika.

Tena diski nyingine huvutwa kwa waya, nyingine kwa mafuta. Ya mafuta ina nguvu, lakini hapana budi kutolewa hewa, nayo yataka mafuta yake yenyewe. Iliyotengenezwa kwa mafuta ya madini, kama za Shimano, ukiitia mafuta ya breki za gari, raba za ndani zitaharibika. Kwa mtu wa kijijini ya waya yafaa zaidi: waya ukikatika, fundi wa karibu ataubadilisha kwa plaizi na spana. Wala usipake diski grisi au mafuta. Breki iliyonyweshwa mafuta haishiki.

Neno moja kuhusu ringi. Ringi ya chuma kinachong'aa, ikilowa mvua, breki zake hupungua nguvu sana. Ringi ya alumini hushika vizuri zaidi. Mwenye kupita barabara za masika na alifikirie hilo.

SHOKAPU

Sasa tuje kwenye shokapu. Shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, weka vidole pale shingo inapoingia katika fremu. Kama mchezo uko hapo, ni gololi za shingo tu. Kaza au badilisha. Kama mchezo uko chini, kati ya nguzo na mirija ya shokapu, basi imelika. Nguzo zikiwa na kutu yenye mashimo, hakuna grisi ya kuziponya.

Unapotafuta nyingine, pima unene wa shingo, kwa maana za zamani zina inchi 1 na nyingi za sasa zina inchi 1 na 1/8. Pima urefu wa shingo na urefu wa foku nzima pia. Foku ndefu kupita ya kwanza huinua baiskeli mbele, ikawa nzito kugeuza. Tena angalia fundi asiifunge kinyume, breki ikawa upande wa nyuma. Kosa hili huonekana hata kwenye baiskeli mpya.

Lakini je, unaihitaji? Shokapu ya bei ndogo huongeza uzito, na ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima, hula sehemu ya nguvu zako. Mwenye kubeba mkaa, maji au mikungu ya ndizi atatumikiwa vizuri zaidi na foku ngumu ya chuma, nayo haina springi ya kuvunjika. Fedha inayobaki ikanunue raba nne za breki na waya mbili mpya.

KABLA HUJAMPA MTOTO

Wako watu wanaoiogopa breki ya mbele, hata huifungua kabisa na kuitupa. Wanakosea. Baiskeli inaposimama, uzito huenda mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa. Zitumie zote mbili pamoja, polepole. Katika mteremko mrefu usibane moja kwa moja. Bana, achia, bana tena, kwa maana ringi hupata moto hata tyubu huweza kupasuka.

Basi kila juma, dakika tano tu. Tazama raba: mifereji yake ikiisha, zibadilishe. Hakikisha zinagusa ringi, si tairi. Tazama waya: uzi mmoja ukikatika, usingoje wa pili. Bana liva kwa nguvu zako zote. Ikigusa usukani, kaza waya. Kisha jaribu na mzigo mahali tambarare kabla ya mlima.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtoto anayetumwa mashineni na madebe mawili ya mahindi hawezi kujua kwamba waya umebaki na nyuzi tatu. Yeye huiamini baiskeli kwa sababu wewe baba yake, au wewe mama yake, umempa. Jumamosi hii, kabla hujamtuma, shika liva hizo kwa mkono wako mwenyewe.