Kigong'ota na Askari wa Miavuli: Hesabu za Ardhi ya Fort Bragg

Jeshi kubwa, licha ya kuwa chombo cha vita, ni bwana wa ardhi, mnunuzi wa umeme na maji, mzalishaji wa taka na mwajiri wa maelfu ya watu; na maadamu mali yake ni mali ya umma, na gharama zake hutoka katika kodi za raia, ni haki hesabu zake kukaguliwa katika kurasa za biashara kwa makini yale yale yanayotumika kukagua hesabu za bandari na reli. Kwa ukaguzi wa namna hiyo tumeichagua Fort Bragg, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, kambi iliyoasisiwa mwaka 1918 kwa mafunzo ya mizinga, ikaitwa Fort Liberty kwa muda mfupi kuanzia mwaka 2023 kabla ya kurejeshewa jina lake mwaka 2025, na ambayo leo ni makao ya Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli, ina askari zaidi ya 50,000, na inashika takriban eka 160,000 za vilima vya mchanga na misonobari.

Mtaji wa kambi kama hiyo si bunduki wala majumba. Bunduki hununuliwa na majumba hujengwa. Lakini uwanja mpana ulio karibu na mabweni, ambapo mamia ya askari waweza kushuka kwa miavuli usiku wa manane na mizinga kunguruma mchana kutwa bila kumdhuru jirani, ukishapotea haununuliki tena kwa bei yoyote. Fort Bragg ilikaribia kuupoteza mtaji huo, na sababu yake ilikuwa kigong'ota mmoja mdogo, mweusi kwa mweupe, ambaye dume lake lina alama nyekundu kichwani isiyoonekana ila kwa shida.

Msitu wa msonobari wenye majani marefu, ambao zamani ulitanda juu ya eka zipatazo milioni 90 kusini-mashariki mwa Marekani, ulikatwa kwa ajili ya mbao, ukagemwa utomvu wa kutengenezea lami na tapentaini, ukafyekwa kwa mashamba na miji, hata zikasalia eka kadiri ya milioni 3 tu. Kigong'ota huyo huupendelea msitu huo kuliko mwingine wowote, na hutoboa tundu lake katika msonobari ulio hai, tena mkongwe, ambao moyo wake umelainishwa na kuvu. Kazi hiyo humchukua miaka, na akiimaliza huendelea kuudonoa mti pembeni mwa tundu ili utomvu utiririke na kumzuia nyoka asipande. Mwaka 1970 aliandikwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Na mwaka 1990 idara ya serikali kuu inayosimamia wanyama wa porini ikatoa rai rasmi kwamba mazoezi ya Fort Bragg yanahatarisha kuendelea kuwapo kwake. Miti yenye matundu ikapakwa mikanda ya rangi nyeupe, na kwa umbali wa futi 200 kuizunguka askari wakakatazwa mengi waliyozoea kuyafanya. Kamanda akajikuta ana ardhi katika hati, lakini hana ardhi katika matumizi.

Tiba yake haikuwa fumbo. Msitu huo umeumbwa kwa moto. Usipoungua kila baada ya miaka mitatu hivi, mialoni na vichaka huota chini yake, huisonga misonobari michanga, hufika kwenye mlango wa tundu, na kigong'ota huhama. Basi kambi ikajiwekea vikosi vya watu wa kuchoma kwa mpango, wanaopima upepo na unyevu kabla ya kuwasha, wakiteketeza majani makavu na kuiacha miti mikubwa imesimama. Fauka ya hayo wakatumia ufundi uliobuniwa baada ya kimbunga Hugo kuiangusha misitu ya South Carolina mwaka 1989, yaani kukata nafasi katika shina kwa msumeno wa mashine na kupachika humo kisanduku chenye tundu tayari, hata ndege akapata kwa saa chache nyumba ambayo angeihangaikia miaka. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba jamaa za vigong'ota katika eneo hilo la vilima vya mchanga zimefikia kiwango cha 350 kilichowekwa kuwa ndicho cha kupona, miaka mitano kabla ya wakati uliotarajiwa, na masharti ya mazoezi yakalegezwa. Oktoba 2024 ndege huyo aliondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka, akawekwa katika daraja jepesi zaidi la walio tishioni.

Hapa siwezi kumpita kipepeo mdogo wa rangi ya kahawia aitwaye St. Francis' satyr, ambaye hajulikani kuishi popote duniani ila ndani ya kambi hii, na ambaye alistawi hasa pale makombora ya mizinga yanapoangukia, kwa kuwa huwasha moto na moto huyaweka wazi mabonde ya majimaji anayoyahitaji. Ni jambo la kustaajabisha kwa kweli, kwamba mahali palipofungiwa watu kwa ajili ya uharibifu pamekuwa hifadhi ya kiumbe dhaifu kuliko wote. Lakini asidhani mtu kwamba moto wa jeshi ni baraka kila mahali. Wasomaji wa Kenya wanaukumbuka moto wa Machi 2021 huko Lolldaiga, Laikipia, uliozuka wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, ukateketeza maelfu ya eka na kuwapeleka wakazi mahakamani kudai fidia. Moto ni ule ule. Tofauti ni kama umepangwa, na nani anayejibu usipopangwa.

Msitu uliotunzwa huzaa fedha pia. Misonobari hupunguzwa na kuuzwa kwa wenye viwanda vya mbao, na kwa mujibu wa sheria asilimia 40 ya mapato halisi ya mauzo hayo hurudi kwa jimbo, yatumike katika shule na barabara za wilaya ambamo kambi imo. Majani makavu ya msonobari nayo ni bidhaa yenye soko katika sehemu hizo, kwani wenye bustani huyatandaza chini ya maua yao. Ila yakizolewa mno, moto hukosa kuni, na ndiyo maana uzoaji unahitaji kipimo. Yote haya huandikwa katika mpango wa maliasili ambao kila kambi yenye maliasili za maana inalazimika kuwa nao chini ya sheria ya mwaka 1960, kama ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 1997.

Hata hivyo biashara iliyo kubwa zaidi iko nje ya uzio. Zamani mwenye shamba jirani, akihofu kwamba kigong'ota akihamia kwake serikali itamfunga mikono, aliikata misonobari yake kabla haijakomaa. Sheria iliyokusudiwa kumlinda ndege ikawa inamnolea shoka adui yake. Mwaka 1995 likaanzishwa katika vilima hivyo patano jipya: mwenye ardhi aahidi kuwatunza ndege alio nao, na serikali nayo iahidi kutomwongezea sharti lolote iwapo wataongezeka. Wa kwanza kutia sahihi walikuwa wenye viwanja vya gofu vya Pinehurst. Kisha sheria ya mwaka 2002 ikaliruhusu jeshi kuchangia fedha kwa majimbo na mashirika ya hifadhi, mfano wa The Nature Conservancy, wanunue ardhi inayopakana na kambi au wanunue kwa mwenyewe haki ya kujenga tu. Mkulima hubaki na shamba lake, hulima na kurithisha, lakini mkataba huandikwa katika hati na kuwafunga warithi na wanunuzi wote, karibu na namna wakfu unavyofunga. Jeshi hupata jirani asiyejenga mtaa wa nyumba utakaolalamikia kelele za usiku, na kigong'ota hupata njia ya kupita. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu iliyopangwa kwa busara kuliko zote, kwa sababu kila upande unalipwa kwa kile unachokiacha.

Gharama ya kutopanga inaonekana katika jimbo hilo hilo. Huko Camp Lejeune, kambi ya wanamaji wa nchi kavu, maji ya visima yalichafuliwa kwa kemikali za viwandani na za dobi tangu mwaka 1953 hadi 1987. Mwaka 2022 Kongresi ikawapa waathirika haki ya kushtaki, na madai yamefika mamia ya maelfu. Na kimbunga Florence kilipoipiga kambi hiyo Septemba 2018, makisio ya matengenezo yalikuwa dola bilioni 3.6.

Kwa upande wa umeme na maji, Fort Bragg imekabidhi mengi kwa makampuni. Katika ziwa la Big Muddy, huko Camp Mackall, kambi ndogo iliyo chini yake, mwaka 2022 yalizinduliwa mabamba ya jua yanayoelea, yenye nguvu ya megawati 1.1 na betri za megawati 2, ili mafunzo yasikatike gridi ikizimika. Duke Energy na Ameresco waliyaweka chini ya mkataba wa dola milioni 36 uliojumuisha pia taa, maji na mitambo ya joto. Katika mikataba ya aina hii mkandarasi hutanguliza mtaji, na jeshi humlipa polepole kutokana na akiba ya bili. Mabomba ya maji safi na maji taka yalikabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2008 kwa miaka 50, kwa hiyo mkataba utakwisha mwaka 2058, wakati kamanda wa kambi hubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Mkandarasi wa mabomba, basi, ana uhakika wa malipo kwa nusu karne. Wachoma msitu, ambao bila wao ardhi yote ingerudi katika hali ya mwaka 1990, hutegemea fungu linalopitishwa na Kongresi mwaka hadi mwaka, na sasa kigong'ota ameshushwa daraja, hoja ya kulipunguza fungu hilo itapata wasemaji. Mimi ningeanza kuwapa uhakika wa miaka hao wenye viberiti, kisha ndipo nizungumze na wenye mabomba.