Vioo Viwili, Msimamizi Mmoja (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulibainisha jinsi wasimamizi wa madirisha, yaani programu za aina ya dwm, xmonad na i3, wanavyoyapanga madirisha ya kompyuta bega kwa bega, pasi na moja kulipanda jingine, mfano wa vitalu vya majaribio katika mashamba ya utafiti ya hapa Uyole, ambavyo kila kimoja kina mpaka wake na mbegu yake. Maadamu kioo ni kimoja, mambo ni mepesi. Lakini karani wa takwimu aliyezoea kulitandaza jedwali la mavuno ya maharage ya Njano Uyole na Uyole 03, huku akiiandika ripoti yake kando, hakosi siku moja kutamani kioo cha pili, na hapo ndipo ikhtilafu inapoanza: viwanja vya kazi, yaani mafungu ya madirisha yaitwayo kwa namba, ni milki ya kioo kipi?

Wasanifu wamegawanyika madhehebu. dwm hukipa kila kioo alama zake tisa, zishikazo nafasi ya viwanja, wala hapana shirika baina ya vioo. xmonad, iliyodhihiri mwaka 2007, huvifanya viwanja vyote kuwa mali ya wote, hata ukiita namba 3 ukiwa kioo cha kushoto, kiwanja cha tatu hukufuata hapo ulipo, na kama kilikuwa wazi upande wa kulia, vioo hivyo viwili hubadilishana vilivyobeba. Wako wanaolisifu jambo hilo. Mimi naliona adha, kwani jedwali nililoliacha kulia nalikuta kushoto. i3, aliyoianzisha Mjerumani Michael Stapelberg mwaka 2009, na ambayo miongoni mwa makusudio yake lilikuwa kulitengeza sawasawa suala hili la vioo vingi, imeshika njia nyingine: kila kiwanja kina kioo chake, na ukikiita, hakiji kwako, bali wewe ndiwe unayepelekwa kilipo. Ukiandika katika faili la maagizo mstari mmoja tu, workspace 3 output HDMI-1, kiwanja cha tatu kitakaa kioo cha nje.

Mtihani wa kweli, hata hivyo, huja umeme ukikatika. Kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri, ilhali kioo cha nje huzimika. Na aliyeunganisha kwa waya wa HDMI hustaajabu kuona madirisha yake hayahami, kwa sababu waya huo huchukua umeme kidogo kutoka kwenye kompyuta yenyewe, nao aghalabu hutosha kukifanya kioo kijitambulishe kana kwamba ki hai. Jedwali basi hubaki gizani, na kila tarakimu uijazayo huingia bila kuonekana. Dawa yake ni amri xrandr --output HDMI-1 --off (jina la kioo hutafautiana, ukiandika xrandr peke yake utayaona yote). Hapo ndipo i3 hufahamu kwamba kioo kimeondoka, ikavihamishia viwanja vyake kwenye kioo kilichosalia, pasipo kupotea hata dirisha moja.

Amri hiyo na ifungwe kwenye kitufe kimoja leo, taa zingali zinawaka, kwa maana dirisha la kuandikia amri likiwa limebaki kwenye kioo kilichozimika, itakulazimu kuandika usichokiona. Namna ya kuufunga mstari huo katika faili la maagizo tutaieleza katika sehemu ya nne.