Kamera ya Mgeni Mkoani Kivu Kaskazini

Filamu inayoonyesha jinsi filamu yenyewe inavyotengenezwa hukabili swali gumu pale mtengenezaji anapovuka mpaka na kuingia nchi ya watu: picha anazopiga huko ni mali ya nani? Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, swali hilo limechimbwa kwa kina. Kwa miongo mitatu dunia imeujua mkoa huo kwa vita, wakimbizi na njaa, mara nyingi kupitia kamera za wageni.

Mwaka 2008 Mholanzi Renzo Martens alitoa filamu ya Enjoy Poverty. Katika mji wa Kanyabayonga, mkoani humo, anawakuta wapigapicha wanaojipatia riziki kwenye harusi na sherehe. Anawashawishi wageukie maiti na watoto wenye utapiamlo, kwa kuwa hizo ndizo picha zenye soko kwa wageni. Wanamsikiliza. Wanapopeleka kazi yao kwa shirika la kigeni la tiba, wanakataliwa, ingawa wanahabari wa kigeni hupiga picha za aina hiyohiyo na kuziuza. Martens hafichi kwamba naye yumo katika biashara anayoiumbua. Kukiri huko hakumfutii deni: kwa wapigapicha wale jaribio liliishia hapo, naye akaondoka na filamu.

Mholanzi mwingine, Joris Postema, alikwenda Goma, mji wa mkoa huohuo, kutengeneza Stop Filming Us, iliyotoka 2020. Anajiuliza kama mtu wa Magharibi anaweza kuuonyesha mji huo bila macho ya kikoloni, na anawaachia wasanii wa Goma nafasi ya kumpinga waziwazi, hata kuhoji kama filamu hiyo ilistahili kutengenezwa. Hapo ndipo heshima inapoanza, ila haitoshi, kwa sababu anayeamua ni pingamizi lipi libaki na lipi likatwe ni mwongozaji.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya, mmoja wa walioonekana katika filamu ya Postema, alishirikiana na Kagoma Twahirwa kutoa Stop Filming Us But Listen, wakitumia picha zilizopigwa kwa ajili ya filamu ile ya kwanza. Uhariri ukahamia mikononi mwa Wakongomani.

Kwa hiyo mtengenezaji anayekwenda Goma anawajibika kueleza, kwa Kiswahili na kabla kamera haijawashwa, malipo ni kiasi gani, filamu itaonyeshwa wapi na nani ataruhusiwa kuzihariri upya picha hizo.